Mstari wa Pili kwenye Lebo

Tarehe 4 Mei

Mdogo wangu,

Najua una simu, na mimi ninayo. Lakini kwenye simu ukizidiwa unasema uko kikaoni, unakata. Barua haikatiki. Hii nimeiweka katikati ya mashati yako, ukiyakunjua utakutana nayo.

Sisi wazima. Mama siku hizi anashinda dukani, kwenye kiti cha dirishani, anavuta kila kifungo cha kila nguo inayoingia kana kwamba analipwa. Binti ninayemwajiri anamwogopa yeye kuliko mimi ninayemlipa.

Sasa nisikilize. Tangu mwezi uliopita kila nguo mpya lazima ining'inie na lebo ya serikali yenye mistari mitatu. Wa kwanza bei, wa pili tozo ya mazingira, wa tatu jumla. Tarakimu za mstari wa pili ziwe kubwa sawa na za mstari wa kwanza. Mkaguzi alikuja na rula. Sitanii, alikuja na rula.

Jaketi langu la baridi mwaka jana lilikuwa elfu arobaini. Mwaka huu ni elfu arobaini. Tozo ilikuwapo hata mwaka jana, ila ilikuwa imemezwa humo humo kwenye bei ya bohari, nikailipa bila kuijua na mteja akailipa bila kuijua, tukalala usingizi. Sasa imetolewa nje ikaanikwa: 37,600, chini yake 2,400, chini yake 40,000. Arobaini ileile. Mwaka jana tarehe kama ya leo nilikuwa nimeuza majaketi tisini. Leo ni kumi na saba.

Jana aliingia nesi wa zahanati ya ng'ambo ya barabara. Akalivaa, akajigeuza kwenye kioo, akatia mikono mfukoni. Ukiona mtu ametia mikono mfukoni ujue ameshanunua, kilichobaki ni kulipa. Halafu akashika lebo.

"Hii elfu mbili mia nne ni ya nini?"

"Ya mazingira, dada. Ya serikali. Lakini ukijumlisha ni bei ya mwaka jana."

"Mazingira ya wapi?"

"Kiwandani. Maji, rangi, moshi."

"Moshi wa watu nisiowajua niulipie mimi?" Akalivua taratibu, akalifunga zipu na kulirudisha kwenye hanga vizuri kabisa. Angenitukana ningesikia nafuu.

Jirani wa viatu alikuwa mlangoni, unamjua, hana haya. Akasema: "Zamani tuliambiwa kikulacho ki nguoni mwako. Sasa wamekibandikia na bei." Duka zima likacheka. Mimi nilicheka kidogo, kwa heshima.

Nilinunua majaketi mia mbili na sitini kwa sababu mwaka jana yaliniishia katikati ya baridi. Mkataba wa pango unaisha mwisho wa Agosti, na mwenye nyumba anataka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Nisipoyauza natoka barabara kuu narudi uchochoroni. Na kutoka uchochoroni mpaka kuuzia chini kwenye turubai si mbali. Njia naijua, nilipita nikija.

Wewe uko ofisi kubwa, ghorofa ya nne, kitengo cha takwimu, mnahesabu watu. Niulizie ni nani aliyewaza huo mstari wa pili. Simwombei mabaya. Nataka tu ajue kwamba watu wanaogopa namba kuliko bei.

Mashati ni manne. La bluu usilipige pasi ya moto.

Dada yako


Tarehe 13 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Mashati yamefika, na barua. Nashukuru. La bluu nimelivaa leo.

Pole kwa hali ya biashara. Jambo uliloniagiza nimelifanya. Mhusika yupo, na ujumbe wako nimemfikishia kama ulivyo. Amesema amekusikia.

Nina maswali machache, ukipata nafasi. Mteja anaposhika lebo, jicho lake linaanzia wapi, juu au chini? Anayeacha nguo anaiacha palepale, au anazunguka kwanza na kurudi? Na je, wanazikimbia nguo zote, au zile zenye tozo kubwa tu? Nauliza kwa sababu wewe unaona usoni. Sisi huku tunaona majedwali.

Ushauri mmoja, kama utaupokea: usiufiche huo mstari.

Msalimie Mama. Mwambie nitampigia Jumapili.

Mdogo wako


Tarehe 24 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Ushauri wako ulifika siku tano baada ya mimi kufanya kinyume chake, kwa hiyo hatukugombana.

Nilifanya hivi. Lebo ya jaketi imefungwa kwa uzi kwenye zipu. Mimi na binti tukakaa jioni nzima tukizisukuma lebo zote ndani ya mfuko wa kulia. Sheria inasema lebo iwe kwenye nguo, haikusema isiwe mfukoni. Kesho yake watu walivaa, wakajigeuza, wakauliza bei, nikasema arobaini, wakaguna kidogo kama wanavyoguna siku zote, wakaja kaunta. Nikasema, haya, tumepona.

Kumbe bado. Fundi bomba mmoja, mtu mzima, mteja wangu wa miaka, kishatoa noti, akatia mkono mfukoni kuona kama simu yake itaenea. Akatoka na lebo. Akaisoma yote, midomo inacheza.

"Mama, umenificha."

"Sikukuficha, kaka. Ni arobaini niliyokutajia. Jumlisha."

"Nimejumlisha. Umenificha."

Akakusanya noti zake. Na waliokuwa kwenye foleni nyuma yake, watatu, kila mmoja akatia mkono mfukoni mwa jaketi alilobeba. Siku hiyo niliuza mawili.

Nikajaribu njia nyingine. Tozo nikailipa mimi kutoka kwenye faida yangu, nikaandika kwa kalamu nyekundu: bei 40,000, tozo 0, jumla 40,000. Nikadhani watashangilia. Mwalimu wa kike akaniita pembeni, sauti ya chini, ananionea huruma: "Dada, mbona kwa wengine kuna tozo na kwako hakuna? Haya ni ya magendo?" Kwa hiyo tozo ikiwapo mimi mnyonyaji, isipokuwapo mimi mwizi.

Sasa nijibu maswali yako, maana nimekaa siku tatu nikiwatazama badala ya kuwauzia. Jicho linaanza chini, kwenye jumla. Likishaona jumla linapanda, na likifika katikati linakwama hapo. Anayekwama hazunguki, anatoka. Na hawakimbii zote. Nina sketi ya pamba elfu ishirini na mbili, tozo yake mia nne. Nina nyingine ya kitambaa cha kung'aa, elfu kumi na nane, tozo elfu moja na mia tano. Kwa miaka yote ile ya kung'aa ndiyo iliyokuwa inatoka. Sasa wanachukua ya pamba. Mtu anaongeza elfu nne mfukoni mwake ili asilipe elfu moja na mia moja. Nikimwonyesha hesabu anasema, "Najua, lakini hii haijaniudhi." Hesabu ya namna hiyo hamjaiweka kwenye majedwali yenu, nadhani.

Majaketi yaliyotoka mpaka leo ni arobaini na moja. Baridi imeshaanza.

Huyo mhusika mwambie hivi: kuna mwanamke anasema wewe hujawahi kuvaa nguo uliyoinunua kwa jasho lako. Ungekuwa umewahi usingemwandikia mtu namba mbili pale anapotaka moja.

Dada yako


Tarehe 3 Juni

Dada yangu,

Shikamoo.

Ujumbe nimemfikishia. Akaangalia shati alilovaa, akasema ni kweli, amenunuliwa. Hakukasirika.

Kuandika tozo sifuri ni kosa kisheria hata kama umeilipa. Nakuomba usirudie. Mkaguzi mwenye rula ana pia kitabu cha faini.

Haya uliyoniandikia kuhusu sketi mbili nimeyasoma mara kadhaa. Huku tulijua kwamba watu wataogopa. Hatukujua kwamba wataudhika, na kwamba kuudhika kunaweza kumfanya mtu alipe zaidi. Ni vitu viwili tofauti.

Dada, nina ombi. Zamani, kwenye turubai, ulikuwa na namna ya kumwambia mzazi aliyeona sweta la shule ni ghali. Ilikuwa hesabu ya siku. Nilikuwa nakaa juu ya robota nikifanya kazi za shule na nilikuwa naisikia mpaka nikawa naisikia usingizini, lakini sasa maneno yenyewe yamenipotea. Ulikuwa unasemaje hasa? Na umejaribu kuyasema kwa majaketi?

Hapa ofisini kuna mazungumzo ya kuibadilisha lebo. Bado ni mazungumzo.

Mdogo wako


Tarehe 12 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Umenikumbusha kitu nilichokuwa nimekiweka juu ya kabati.

Nilikuwa nasema hivi. Sweta elfu sita, mzazi anaguna. Namwambia, "Usiitazame elfu sita. Gawa kwa siku mtoto atakazolivaa." Siku za shule mia mbili kwa mwaka. "Ni thelathini kwa siku, mama. Hata pipi hupati." Basi. Hakuna uchawi. Muhimu ni kwamba umwache agawe mwenyewe. Ukimgawia wewe anahisi unamwuzia. Akigawa yeye, anajiuzia.

Nilikuwa nimeacha kuyasema, maana nilipopata duka lenye kioo na taa niliona ni maneno ya chini, ya vumbini. Lakini baada ya barua yako nikasema, mkono mtupu haulambwi, ngoja tujaribu. Nikazitoa lebo mifukoni, nikazining'iniza mbele wazi. Mteja wa kwanza akakwama mstari wa pili kama kawaida. Nikamwambia, "Gawa kwa siku utakazolivaa."

"Kipi, jaketi au tozo?"

"Chochote kinachokuuma."

Akatazama dari. Baridi mbili, siku mia na ishirini kila baridi. Elfu mbili mia nne kwa mia mbili na arobaini. "Kumi," akasema. Akacheka. "Kumi kwa siku ndiyo wanakuja na rula?" Akalipa.

Nimeuza tisini na nane sasa. Mama amejifunza maneno, anayatupa kutoka kwenye kiti chake bila kugeuza shingo, na kutoka kwake yanafanya kazi kuliko kutoka kwangu. Nani atabishana na kikongwe.

Ila kuna kitu sikukitegemea, nakuandikia kwa sababu huna mtu mwingine wa kukuambia. Aliyejifunza kugawa hasahau kugawa. Analipa jaketi, anapita kwenye rafu ya blauzi, zile za elfu nane ambazo wanawake walikuwa wanabeba mbilimbili kama mchicha. Anaishika moja. Namwona anatazama dari. Ataivaa mara nne, ikioshwa mara ya tano imekuwa tambara. Elfu mbili kwa kila kuvaa, wakati jaketi zima na tozo yake halifiki mia na sabini kwa siku. Anairudisha. Blauzi ndizo zilizokuwa zinanilipia pango, jaketi ni la msimu. Nina blauzi mia nne zimelala rafuni.

Nimewafundisha wateja wangu kuniacha.

Dada yako


Tarehe 21 Juni

Dada yangu,

Shikamoo.

Barua fupi, nakimbilia kikaoni, safari hii kweli.

Lebo mpya itatoka mwanzoni mwa Julai. Kutakuwa na mstari wa nne. Nakuomba ukiuona usikasirike kabla ya kuniandikia. Ukishaniandikia, kasirika.

Mdogo wako


Tarehe 6 Julai

Mheshimiwa wa ghorofa ya nne,

Shikamoo yako nimeiweka kaunta. Sijaiitikia.

Lebo zililetwa Jumanne, maboksi mawili. Binti akafungua la kwanza, akasoma kwa sauti, akaniambia, "Mama, wamekuandika." Mstari wa nne, chini ya jumla: *Gawa kwa siku utakazoivaa.* Pembeni yake kimiraba kitupu cha mteja kupigia hesabu.

Nilisimama nayo mkononi. Nikasema, pengine ni bahati, maneno ni ya watu wote. Mama yuko kwenye kiti chake, anauma uzi. Akasema, "Mwache mwanangu. Si ndizo lebo alizopandishwa cheo kwazo?"

"Alipandishwa cheo lini?"

Akajua amekanyaga pabaya. Akarudi kwenye kifungo. "Mimi niliambiwa nisiseme," akasema, "na sijasema."

Tangu Januari, Mama ananiambia. Umetoka takwimu tangu Januari, umekuwa mkuu wa kitengo cha lebo za tozo, na kila Jumapili mnazungumza habari zangu nikiwa chumba cha pili nakunja nguo.

Nimezitoa barua zako nikazisoma upya. "Mhusika yupo." "Amesema amekusikia." "Akaangalia shati alilovaa, akasema ni kweli, amenunuliwa." Shati lenyewe ni langu, la bluu. Nilikuwa nakutuma ujitukane mwenyewe, na wewe unatoka, unajitukana, unarudi kunipa majibu. Kikulacho ki nguoni mwako. Jirani wa viatu alisema kwa mzaha, hakujua analenga.

Nakuandikia kwa utulivu. Mstari wa pili nimeshauzoea, uache. Ninachokuuliza ni cha mstari wa nne. Mwaka huu maduka mtaa mzima yalikosa maneno, mimi peke yangu nikawa nayo. Majaketi yaliyobaki ni hamsini na saba. Wenzangu yamewajaa mpaka darini. Huo ulikuwa mtaji wangu, sikuukopa kwa mtu, niliuokota kwenye vumbi. Sasa umeuchapisha bure, kila duka limeletewa maboksi mawili ya maneno yangu. Asubuhi hii mwenye duka la pembeni, yule asiyejua hata kusalimia wateja, nimemsikia anasema, "Gawa, gawa hapo chini." Akauza.

Na blauzi zangu mia nne, ambazo nilitegemea kuwauzia wateja wa wengine ambao bado hawajajua kugawa, sasa nchi nzima inagawa.

Ungeniuliza ningekupa. Hilo ndilo linalonikaba. Ningekupa.

Mwenye duka


Tarehe 15 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Nitaendelea kuandika shikamoo, wewe ziweke unapoziweka.

Yote uliyoyasema ni kweli na sina la kupunguza.

Sitasema nilitaka kukuambia. Sikutaka. Ulipoandika barua ya kwanza nilikuwa na siku moja ya kukuambia, nikaitumia kuvaa shati na kwenda kazini. Baada ya hapo nilikuwa nasoma barua zako na kuona kwamba ukijua unaniandikia mimi mwenye lebo, utaniandikia kama watu wanavyoandika ofisini: kwa heshima, na bila ukweli. Hakuna duka lingine lililoniambia kwamba mteja anatia mikono mfukoni. Hakuna mkaguzi aliyeandika "hii haijaniudhi." Kwa hiyo nilinyamaza kwa faida ya kazi. Na kwa woga pia, kama nusu kwa nusu.

Kuhusu mstari wa pili. Pendekezo la kwanza, kabla yangu, lilikuwa kuacha tozo imezwe ndani ya bei kama ilivyokuwa. Mimi ndiye niliyebisha. Niliwaambia wenzangu kwamba nimekulia kwa mtu aliyekuwa anafungua bei yake mbele ya mteja: sweta nimelinunua elfu tano, nauli mia tatu, mia saba ni yangu nile. Niliwaambia watu hawakumkimbia. Hawakuamini. Niliwaambia tujaribu. Wakanipa kitengo nijaribu, na hicho ndicho cheo.

Ulipoandika kwamba umezificha lebo mifukoni nilishangaa sana, dada. Wewe.

Takwimu za robo iliyoisha Juni zimekuja. Mauzo ya nguo za kuvaliwa mara chache yameshuka karibu theluthi katika maduka tuliyoyapima. Ndilo lengo la tozo, na huku watu wanapeana mikono. Mimi nimepeana nao, kisha nikakumbuka blauzi mia nne. Siwezi kuuondoa mstari wa nne, na hata ningeweza sidhani ningeuondoa. Nakuambia ukweli kwa sababu sasa sina kisingizio cha kutokuambia.

Nilipaswa kukuuliza. Hapo ndipo nilipokosea, na ninajua ni hapo tu.

Mdogo wako


Tarehe 2 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Shikamoo ya kaunta na hiyo ya mwisho, zote nimezichukua kwa pamoja kabla hazijaota vumbi.

Uliandika "Wewe." peke yake, na nukta mbele yake. Nilichelewa kukujibu kwa sababu ya hilo neno. Kwenye turubai nilifungua bei kwa sababu sikuwa na kingine cha kufungua. Nilipopata mlango, nikajifunza kufunga. Sasa tuendelee.

Majaketi yameisha, limebaki moja, nitalieleza. Blauzi nilimpa mchuuzi kwa mafungu, kwa bei ambayo sitaiandika hapa kwa sababu Mama ananisomea begani. Mwisho wa Agosti mwenye nyumba alikuja na mkoba wake. Nikampa kodi ya nusu. Akasema nusu si mkataba. Nikamwambia nusu nyingine anayo jirani wa viatu, amesimama nyuma yake. Tumekata duka katikati kwa ubao. Upande wake viatu, upande wangu nguo chache, nzito. Kioo cha mbele tumegawana, yeye kapata kona yenye jua na ananikumbusha kila asubuhi: "Gawa kwa siku utakazoliota jua hili, shemeji." Sijui nimekuwa shemeji yake lini.

Dirishani nimeweka cherehani ya Mama. Hii hukuiwaza wewe wala ghorofa yako yote. Nguo iliyokarabatiwa haina tozo, kwa sababu si mpya, kwa hiyo haina lebo, kwa hiyo mteja hana mahali pa kukwama. Nesi amelileta jaketi lake kubadilishwa zipu. Ndiyo, alilinunua, akaenda kulinunulia duka la pembeni, tena kwa elfu arobaini na moja. Mimi nilitafuta zipu. Mama ndiye aliyemsema. Nesi kacheka mpaka akakaa chini.

Sipati kama zamani. Nimepiga hesabu mara tatu, inanirudishia jibu lilelile: nusu duka, na kula yetu. Lakini niko barabara kuu. Turubai bado limekunjwa juu ya kabati, na panya hawajaligusa.

Sasa sikiliza, maana nami nilikuficha kitu. Mchuuzi hamwagi gunia zima mezani, hata kwa mdogo wake. Yale maneno ya turubai niliyokuandikia Juni yalikuwa nusu. Nilikuwa namwambia mzazi agawe, anagawa, anapata thelathini. Nikishaona amepata, simwachi hapo. Namwuliza, "Na nani atamwona amelivaa?" Anafikiri. Anamwona mtoto wake mlangoni mwa shule, au bibi yake, au mtu fulani aliyewahi kumdharau. Hapo ndipo anatoa hela. Kugawa kunamwondolea mtu woga tu. Hakumfanyi atake nguo. Ndiyo maana blauzi ya elfu nane bado watu wataifuata, si kila siku, ni siku ile moja ya kuonwa, na lebo yako haitaizuia. Hili usilichapishe. Si kwa sababu ni mtaji, mtaji nimeshauzoea kuuona barabarani. Ni kwamba ofisi haiwezi kuliuliza. Anayeuliza lazima awe amesimama mbele ya anayeulizwa.

Jaketi lililobaki ni lile lililokuwa limevaliwa na sanamu la dirishani. Jua limelipausha kidogo bega la kushoto. Nimelikunja humu, pamoja na lebo yake yenye mistari minne. Bei, tozo, jumla ni ileile. Kwenye kimiraba sikuandika kitu, ugawe mwenyewe.

Swali la pili, la nani atakuona umelivaa, ndilo ninalokuuliza. Mama anasema macho yake siku hizi hayafiki mbali, mtu wa mlangoni anamwona kivuli tu. Kwa hiyo ukija umelivaa juu ya shati la bluu, usiishie mlangoni. Ingia mpaka dirishani, akuvute vifungo.

Dada yako